Klachi Iteleze, Tairi Ishike: Kuondoa Gari la Gia za Mkono Kwenye Dragi

Ukijifunza udereva Tanga, iwe kwenye chuo au kwa mjomba mwenye Canter la kubeba machungwa ya Muheza, utaambiwa mapema kabisa: usilalie klachi. Kanyaga, ingiza gia, achia, toa mguu. Ni ushauri wa kweli. Klachi inayolaliwa huungua, na kuibadilisha maana yake ni kushusha giaboksi, gari linashinda juu ya jeki na mfuko unatoboka.

Shida huanza dereva huyohuyo anapokalia gari la dragi, yaani mbio fupi za magari mawili yanayoanza yakiwa yamesimama kwenye barabara iliyonyooka. Tuseme Altezza ya gia sita, au Chaser yenye injini ya 1JZ na turbo, yote mawili yakisukumwa na magurudumu ya nyuma. Barabara imefungwa, watu wamesimama pembeni, taa zinawaka. Anafanya alivyofundishwa, anaachia klachi mara moja na kutoa mguu. Ama tairi zinazunguka bure na mwenzake anaondoka, ama injini inakoroma na kutaka kuzimika. Na dakika chache kabla ya hapo, alipokuwa akichoma tairi, yaani kuzizungusha gari likiwa limesimama ili zipate moto, aliionea klachi huruma akaiachia polepole, akaiunguza bila kujua.

Kwenye dragi mambo hayako hivyo. Wakati wa kuchoma tairi, klachi isiteleze hata kidogo. Kinachoteleza ni tairi. Wakati wa kuondoka, klachi ndiyo iteleze na tairi ishike. Madereva wengi wapya hufanya kinyume mara zote mbili, na ndiyo maana nataka tulifungue jambo hili taratibu, kwa hesabu.

Gari limesimama, injini inazunguka mara 5000 kwa dakika. Upande mmoja wa klachi kuna 5000, upande wa pili kuna sifuri. Chukua gari lenye gia ya kwanza ya uwiano wa 3.0, difu ya 4.1, na tairi ambayo mzingo wake ni kama mita 1.95. Kila injini inapozunguka mara 12.3 (3.0 mara 4.1), gurudumu linazunguka mara moja. Kwa hiyo injini ikiwa kwenye 5000, gurudumu linatakiwa lizunguke mara 406 kwa dakika, na huo ni mwendo wa karibu kilomita 48 kwa saa.

Maana yake ni kwamba kuanzia gari lilipo mpaka kilomita 48 kwa saa, injini na barabara havipatani. Tofauti hiyo lazima imezwe na kitu fulani, na vitu vinavyoweza kuimeza ni vitatu tu. Klachi iteleze. Au tairi iteleze. Au injini ishushwe mizunguko mpaka ilingane na magurudumu, yaani izame. Hakuna cha nne. Mbinu zote za kuondoka utakazosikia gerejini, za wenye busara na za wenye kelele, ni uamuzi wa kugawa tofauti hiyo kati ya hao watatu.

Injini ikizama umepoteza, hasa yenye turbo, kwa sababu turbo inahitaji moshi wa kutosha kuizungusha, na chini ya mizunguko fulani hakuna msukumo. Tairi ikizunguka bure nayo ni hasara, kwa kuwa mpira unaoteleza sana juu ya lami hushika kidogo kuliko mpira unaoteleza kidogo tu. Tairi laini za mbio hupenda kuteleza kiasi, lakini zikivuka mpaka wake haziregeshi mshiko mpaka upunguze mafuta, na ukishapunguza mafuta mbio zimekwisha. Anayebaki ni klachi. Klachi peke yake ndiyo inayoweza kuteleza huku ikiendelea kupitisha nguvu ileile ya msokoto, na mguu wako ukaamua kiasi.

Sisi wa pwani hii tumelelewa zaidi na rali kuliko dragi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na rali imeendelea kuwa mchezo unaoeleweka huku; vumbi la magari katika barabara za mashamba ya mkonge si kitu kigeni. Kwenye vumbi, tairi ikizunguka haina neno kubwa, changarawe inakubali, na dereva anaweza kuachia klachi kwa nguvu bila kuvunja kitu. Lami kavu haikubali. Ikishika, inashika kweli, na mshtuko unarudi kwenye shafti, difu na meno ya giaboksi.

Mshtuko huo hautoki kwenye mafuta unayokanyaga wakati ule. Unatoka kwenye flaiwili. Chuma kile kizito kinachozunguka kimeshahifadhi nguvu kabla hujaachia, na ukiilazimisha klachi ishike papo hapo, flaiwili inamwaga akiba yake yote kwa kufumba na kufumbua, juu ya nguvu za injini yenyewe. Kitu pekee kinachoweka kikomo cha pigo hilo ni uwezo wa klachi wa kukataa. Ndiyo maana sikubaliani na kijana anayeanza kwa kununua presha pleti, kile kibano cha springi kinachoikandamiza pleti ya klachi kwenye flaiwili, iliyo ngumu kuliko zote dukani. Klachi yenye uwezo mkubwa kupita kiasi haitelezi inapotakiwa kuteleza, na pigo lote linapita moja kwa moja mpaka kwenye shafti ya nyuma. Anabadilisha klachi, anavunja shafti. Anaweka shafti nene, anavunja difu. Kila anapoimarisha, anahamisha tu mahali pa kuvunjika.

Sasa joto. Hapa ndipo ushauri wa mjomba una haki yake, na ndipo penye utamu wa jambo lenyewe.

Ukiondoka na injini ikabaki kwenye 5000 wakati klachi inateleza mpaka gari lifike kilomita 48 kwa saa, nusu ya kazi ya injini inakwenda kulisukuma gari na nusu inageuka joto ndani ya klachi. Hesabu inatoka hivyo bila kujali klachi ni ya bei gani. Kwa gari la kilo 1200, joto hilo ni karibu kilojuli 105. Linatosha kuchemsha theluthi moja ya lita ya maji, kuanzia maji ya bomba la Tanga mpaka yatokote, na linatolewa ndani ya sekunde moja au mbili.

Ukilisambaza joto hilo sawasawa kwenye flaiwili na presha pleti, tuseme kilo 13 za chuma kwa pamoja, chuma kinapanda chini ya nyuzi 20 tu. Ukisikia hivyo utadhani hakuna cha kuogopa. Lakini joto halisubiri kusambazwa. Linazaliwa kwenye uso unaosuguana, na kwa muda mfupi ule ngozi ya juu ya chuma hupanda mamia ya nyuzi wakati upande wa pili wa flaiwili bado ni wa kushikika kwa mkono.

Fundi akishusha giaboksi ya gari lililoteswa, muombe akuonyeshe flaiwili kabla hajaipangusa. Utaona madoa ya bluu iliyokoza, kama sarafu zilizopangwa kuzunguka uso wa chuma, na katikati ya doa nyufa nyembamba kama nywele zikielekea nje. Bluu hiyo ni alama ya chuma kilichofika karibu nyuzi 300 au zaidi. Pitisha kidole: penye doa pamejinyanyua kidogo. Pleti nayo itakuwa inang'aa kama iliyopakwa vanishi, na harufu haitoki kwenye nguo zako mpaka jioni. Uso ung'aao hivyo haushiki tena vizuri, unateleza hata pale usipotaka, na kuteleza huko kunazaa joto jingine. Klachi ikishaingia kwenye mzunguko huo hairudi yenyewe.

Kwa hiyo pleti ya kawaida ya nyuzinyuzi, ile inayokuja na gari, itavumilia kuondoka kwa namna hii ikipewa muda wa kupoa, lakini haitavumilia mara tatu nne mfululizo. Pleti za vipande vya kauri huvumilia joto zaidi, ila zina tabia ya kushika ghafla, ama zimeshika ama hazijashika, na mguu unapata kazi kuzibembeleza. Kwenye magari ya dragi ya kweli hutumika pleti za unga wa chuma uliokandamizwa, ambazo zimetengenezwa makusudi ziteleze zikiwa za moto. Wenye fedha huenda mbali zaidi na kufunga presha pleti yenye vidole vitatu vilivyowekewa uzito. Springi zake ni laini, hivyo mwanzo klachi hubana kidogo. Injini ikiongeza mizunguko, uzito ule hutupwa nje na kuongeza mbano. Gari likiondoka, mizunguko iko chini na klachi inateleza. Mwendo ukipanda, inajifunga yenyewe. Fundi anaongeza au kupunguza uzito kwa gramu kulingana na lami ya siku hiyo.

Kilele cha wazo hili ni magari ya dragi ya daraja la Top Fuel ya Marekani. Nguvu zao zinatajwa kuwa zaidi ya farasi 11,000, na hayana giaboksi ya kubadilisha gia kabisa. Kinachofanya kazi ya gia ni klachi ya pleti nyingi inayoachwa iteleze kwa mpangilio sehemu kubwa ya safari, na baada ya kila mbio inafunguliwa ikiwa imekwisha. Tangu mwaka 2008 magari hayo hukimbia mita 305 badala ya mita 402 za robo maili, baada ya ajali iliyomuua dereva Scott Kalitta huko Englishtown. Klachi zao hazituhusu moja kwa moja, lakini zinathibitisha jambo lililo kinyume kabisa na mafundisho ya chuo cha udereva: klachi inayoteleza kwa mpango si klachi mbovu.

Turudi kwenye kuchoma tairi, maana ndiko kunakotangulia siku ya mbio.

Lengo si moshi. Lengo ni mawili: kutoa mchanga na uchafu uliogandana na mpira, na kuupasha mpira wa juu ulainike kidogo. Marekani miaka ya 1960 na 1970 walimwaga hata dawa za kung'arishia nguo, mambo ya jiki. Siku hizi ni maji tu. Maji husaidia tairi ianze kuzunguka kwa urahisi bila kuitesa klachi na shafti, kisha tairi inayakausha na kuanza kupata moto. Tairi laini zisizo na mifereji hupitishwa majini, halafu gari linasogea mbele kidogo mpaka ukingo wa dimbwi. Tairi za barabarani zenye mifereji usizipitishe majini kabisa. Zitabeba maji mpaka mstari wa kuanzia, na maji yaliyorukia kwenye fenda yatadondokea tairi uliyoipasha. Zunguka dimbwi, kisha rudi nyuma mpaka magurudumu ya nyuma yaguse ukingo wake.

Gari lishikiliwe kwa breki za mbele pekee. Wenye uwezo hufunga vali ya umeme kwenye bomba la breki za mbele: unakanyaga breki, unabonyeza swichi, unaachia pedeli, na mbele panabaki pamefungwa huku nyuma pako huru. Usipokuwa nayo utalazimika kukanyaga breki na mafuta kwa mguu mmoja wa kulia, ncha huku na kisigino kule, na breki za nyuma zitachemka pamoja na tairi. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele lina nafuu hapa, handbreki inamaliza kazi. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, Subaru na wenzake, usilichome tairi. Mzigo wote unaishia kwenye giaboksi.

Gia iwe ya pili. Wengi hutumia ya kwanza kwa kuwa tairi zinafyatuka kirahisi, lakini angalia hesabu. Kwenye mfano wetu, injini ikifika 6000 kwenye gia ya kwanza, tairi inazunguka kwa mwendo wa kilomita 57 kwa saa tu, na umebakiwa na nafasi ndogo kabla injini haijagonga kikomo. Gia ya pili ikiwa na uwiano wa 1.9, mizunguko ileile inaipa tairi kilomita 90 kwa saa. Mwendo wa tairi ndio unaoleta joto haraka na kulisambaza mzingo mzima. Injini yenye nguvu inaweza kuanza kwa pili na kupokea ya tatu hapohapo.

Halafu pandisha mizunguko, 4000 au 5000, na udondoshe klachi. Neno ni kudondosha. Mguu utoke pembeni ya pedeli, pedeli irudi yenyewe kwa springi yake. Usibembeleze, usibalansi. Ukiibembeleza, tairi haitafyatuka mara moja, na wakati unangoja, klachi inapika. Klachi inayopitisha nguvu ya msokoto ya Nm 200 huku ikiteleza kwa mizunguko 2000 kwa dakika inazalisha joto la kilowati 42. Kwa sekunde tano ni kilojuli 210. Hiyo ni mara mbili ya joto la kuondoka kwenyewe, na mbio hazijaanza! Ukifika mstarini klachi yako tayari imechoka, halafu lawama anabeba aliyekuuzia pleti.

Tairi ikishafyatuka, shikilia mizunguko pale pale. Moshi mwembamba wa kwanza ni wa maji. Ukianza kuona ule mzito, mweupe, wenye harufu ya mpira, kaza kidogo kisha achia breki za mbele na uliruhusu gari litembee mbele tairi zikiwa bado zinazunguka. Punguza mafuta taratibu na ukanyage klachi kabla tairi haijashika lami kavu kwa nguvu. Hapo ndipo giaboksi nyingi hufa. Injini na magurudumu viko kwenye kasi kubwa, lami inashika ghafla, na nguvu yote iliyokuwa inazunguka inatafuta pa kwenda. Usirudie kwa kurukaruka kwenye lami kavu kutingisha mashabiki. Pigo la namna hiyo ni kali kuliko la kuondoka.

Kisha unarudi nyuma kwenye mstari, na hapa pana mtego wa kimyakimya. Dereva anarudi huku kichwa kipo nje ya dirisha, mguu nusu klachi, mita ishirini nzima. Achia klachi yote kwenye gia ya riversi, gari lirudi kwa slensa, yaani bila kukanyaga mafuta, kisha kanyaga tena ukifika.

Barabara zetu zina tabia yake. Lami ya kawaida haijamwagiwa gundi kama viwanja vya mbio vya Marekani, na huku pwani mchanga haukosekani. Njia ya kuelekea Pongwe inapita malori ya saruji, na penye malori pana vumbi na matone ya mafuta. Kabla ya yote pafagiliwe, hasa mita thelathini za kwanza, kwa fagio la kweli na mikono ya watu. Mchana wa Februari lami inakuwa ya moto kiasi cha kukataa kukanyagwa peku, hivyo tairi za barabarani hazihitaji kuchomwa zaidi ya sekunde chache. Ukizidisha, mpira unatoa mafuta yake na kuwa utelezi. Jioni upepo wa bahari ukiingia hali inabadilika, na aliyepima mchana apime upya.

Na nasema hili kwa uzito wote: haya ni ya barabara iliyofungwa kwa kibali, yenye askari, zimamoto na gari la wagonjwa. Si ya Ngamiani usiku, penye bodaboda na watoto wanaotoka madrasa. Flaiwili ya chuma cha kalibu ikipasuka kwenye mizunguko mikubwa hukata giaboksi, sakafu na miguu ya dereva, kwa hiyo anayetaka mchezo huu aanze na flaiwili ya chuma cha feleji au cha kufuliwa na ngao ya kuizunguka.

Umefika mstarini. Miale miwili ya mwanga inakusubiri, wa kwanza ukikuambia umekaribia, wa pili ukikuambia umefika. Muda wako wa kukimbia hauanzi taa ya kijani inapowaka. Unaanza gurudumu la mbele linapotoka kwenye mwale. Kwa hiyo huna sababu ya kuachia klachi kwa hofu. Shikilia gari kwa breki, klachi ikiwa imekanyagwa, usilishikilie kwa nusu klachi.

Anza chini, mizunguko 3500. Taa ikiruhusu, leta pedeli haraka mpaka pale unapohisi gari linavuta, kisha kisigino kikiwa sakafuni kunja kifundo cha mguu polepole kupita sehemu ile ya sentimita chache inayoamua kila kitu. Mafuta yanaongezeka kadiri klachi inavyopokea. Gari likifika kasi inayolingana na injini, mguu uondoke kabisa. Yote hayo ni sekunde moja, moja na nusu. Wapo wanaofunga vali ndogo kwenye bomba la klachi ili hatua hiyo ya mwisho iende pole kila mara kwa kipimo kilekile, na kwa anayeshindana mara kwa mara naiona ni fedha iliyotumika vizuri kuliko presha pleti ngumu.

Baada ya kila mbio, tazama video ya mshale wa mizunguko. Simu iliyobanwa kwenye dashibodi inatosha. Mshale ukianguka mara moja mpaka 2000, injini imezama: uliachia haraka au ulianza chini, ongeza mizunguko 500. Mshale ukipaa na tairi zikaacha alama ndefu nyeusi, tairi ndiyo iliyoteleza: punguza mizunguko au punguza mwendo wa kifundo. Mshale ukipaa, barabarani hakuna alama, na harufu kali inaingia ndani, ni klachi iliyoteleza kupita kiasi. Mshale ukishuka kidogo, ukatulia, kisha ukapanda pamoja na gari, usibadilishe chochote. Sogeza gari pembeni, fungua boneti, weka gia huru, toa mguu kwenye klachi na uiache injini kwenye slensa, ili flaiwili izunguke na kujipepea mpaka zamu yako irudi.